Daktari Anajibu: Fuvu Lifunguliwe, au Waya Upite Ndani ya Mshipa?

Katika barua za wasomaji wa Unguja na Pemba zilizofika safari hii, nne zinahusu jambo moja, nalo ni anurizimu ya ubongo, yaani kifuko kinachotokeza kwenye ukuta wa mshipa wa ateri pale ukuta huo unapodhoofika. Tumeamua kuzijibu pamoja. Barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa zaidi kwa sababu familia iliyoiandika bado haijaamua, na jibu linaweza kuwafaa.

Ndugu hatuelewani kuhusu matibabu ya dada

*Assalaam alaykum, Daktari. Dada yangu mkubwa ana umri wa miaka 46, ni mama wa watoto wanne na ana presha ya muda mrefu. Tulimpeleka Dar es Salaam kwa maumivu ya kichwa yaliyokuwa yakimrudia, na kipimo kikaonyesha anurizimu ya milimita 8 kwenye ateri ya kati ya ubongo, upande wa kulia. Tumeambiwa haijapasuka. Daktari wa upasuaji ameshauri fuvu lifunguliwe na kifuko kibanwe kwa klipu. Kaka yetu aliyeko Muscat ameambiwa huko kwamba siku hizi hupitishwa waya kuanzia kwenye paja hadi kichwani bila ya kupasua, na tangu hapo hataki kusikia habari ya kisu. Ami yetu anasema aachwe kama alivyo, kwani ameishi nacho na hakijamdhuru. Dada mwenyewe amenyamaza. Mama yetu mzazi alifariki ghafla miaka mingi iliyopita, baada ya kushika kichwa na kuanguka, na sababu haikujulikana. Tufuate ushauri wa nani? Na sisi ndugu zake, tupimwe? — Msomaji, Wete*

Waalaykum salaam warahmatullah. Nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita, kwamba dada amenyamaza. Kichwa kitakachotibiwa ni chake, na yeye ndiye atakayeishi na matokeo, yawe ya klipu, ya waya au ya kusubiri. Kabla ya kikao kingine cha familia, mmoja wenu aliye karibu naye zaidi aketi naye peke yake, amsikilize anaogopa nini hasa. Wapo wanaoogopa kufa mezani, wapo wanaoogopa kuamka wakiwa hawawezi kusema, na wapo wanaoogopa gharama zitakazowaangukia ndugu. Kila hofu katika hizo ina majibu yake, na daktari hawezi kuzijibu asipozijua.

La pili ni kwamba kifuko hakijapasuka, na hilo linabadilisha kila kitu. Anurizimu iliyopasuka ni dharura ya saa, lakini ambayo haijapasuka humpa mtu muda wa kuuliza, kupata maoni ya bingwa wa pili na kupanga safari. Tafiti za picha zinaonyesha kwamba karibu watu wazima 3 katika kila 100 wana kifuko cha namna hii, na wengi wao hufa kwa maradhi mengine bila ya kujua kwamba walikuwa nacho. Huenda hata maumivu yaliyompeleka dada hospitali hayakutokana na kifuko hiki, kwa kuwa vingi vyenye ukubwa huo havitoi dalili yoyote mpaka vipasuke. Kwa hiyo, akitibiwa na maumivu yale yakaendelea, isichukuliwe kwamba tiba imeshindwa.

Ami yenu anastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu kusubiri na kufuatilia ni njia halali ya kitabibu na wala si uzembe. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2003 ulifuatilia watu wenye vifuko visivyopasuka. Katika ateri za sehemu ya mbele ya ubongo, ikiwemo ateri ya kati, vifuko vilivyo chini ya milimita 7 kwa watu ambao hawakuwahi kuvuja damu havikupasuka hata kimoja katika miaka mitano ya ufuatiliaji. Vya milimita 7 hadi 12 vilipasuka kwa asilimia 2.6; na vya milimita 13 hadi 24 vilifika asilimia 14.5. Dada, kwa milimita 8, yumo katika kundi la kati. Lakini asilimia 2.6 ni ya miaka mitano tu, naye ana umri wa miaka 46 na kwa uwezo wa Mungu ana miongo kadhaa mbele yake. Kwa bibi wa miaka 80 mwenye kifuko hichohicho ningeunga mkono kauli ya ami bila ya kusita. Kwa dada nasita, na kinachonisitisha zaidi ni presha yake pamoja na kifo cha mama yenu.

Mabingwa wengi hutumia kipimo kiitwacho PHASES, kilichotolewa mwaka 2014, ambacho hujumlisha asili ya mtu, presha, umri, ukubwa wa kifuko, historia ya kuvuja damu kutoka kifuko kingine, na mahali kifuko kilipo. Kinasaidia, lakini data zake zilitoka Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Japani. Hakuna aliyewafuatilia watu wa Wete wala wa Dar es Salaam kwa namna hiyo, kwa hiyo namba yake ichukuliwe kuwa ni makadirio. Zaidi ya namba hiyo, muulizeni daktari kuhusu umbo: kifuko kilicho laini na mviringo hutisha kidogo kuliko chenye vinundu au kilichoota kifuko kingine kidogo ubavuni mwake.

Sasa tuje kwenye mabishano yenyewe. Kaka yenu wa Muscat amelichukua suala kana kwamba ni la kisu cha zamani dhidi ya waya wa kisasa, na wengi hulichukua hivyo. Ni kweli kwamba klipu ilitangulia: Walter Dandy aliibana anurizimu kwa klipu mwaka 1937 huko Baltimore, Marekani, ilhali koili zinazotumika leo, yaani nyuzi laini za platini za kukijazia kifuko, zilianza kutumika kwa mgonjwa mwaka 1990 kwa juhudi za daktari wa Kiitaliano, Guido Guglielmi, aliyekuwa akifanya kazi Los Angeles. Lakini upasuaji wa leo si ule wa Dandy. Hufanywa chini ya darubini, kwa klipu za titani, na mara nyingi mishipa hupigwa picha palepale mezani ili kuhakikisha kwamba kifuko kimefungwa na kwamba ateri jirani bado inapitisha damu. Njia zote mbili ni za wakati huu, na hospitali kubwa duniani huwa nazo zote.

Katika upasuaji, mgonjwa akiwa amelala kwa dawa, ngozi ya kichwa huchanwa nyuma ya mstari wa nywele, kipande cha fuvu hutolewa, na bingwa hupita katika mikunjo ya ubongo bila ya kuukata mpaka akifikie kifuko. Huweka klipu kwenye shingo yake ili damu isiingie tena, kisha kipande cha mfupa hurudishwa mahali pake. Mgonjwa hukaa hospitali siku kadhaa, na huhitaji wiki nne hadi sita, pengine zaidi, kabla ya kurudi kwenye shughuli zake. Misuli ya kutafunia huuma, uchovu huwa mkubwa, na wapo wanaopata degedege. Hatari inayoogopwa zaidi ni kiharusi, pale ateri jirani inapobanwa au kujeruhiwa. Faida yake kubwa ni uimara, kwa kuwa kifuko kilichobanwa sawasawa ni nadra kurudi.

Katika tiba ya kupitia ndani ya mshipa, katheta, yaani mrija mwembamba ambao kaka yenu anauita waya, huingizwa kwenye ateri ya kinena au ya kifundo cha mkono, husogezwa kwa kuongozwa na picha za eksirei mpaka ndani ya kifuko, kisha koili hujazwa humo moja baada ya nyingine hadi damu iliyomo igande. Mara nyingi mgonjwa ambaye kifuko chake hakijapasuka hutoka hospitali baada ya siku moja au mbili, na baada ya wiki moja hivi huwa amesharudi kwenye mambo yake. Hapo kaka yenu ana haki kabisa. Lakini kiharusi kinaweza kutokea kwa njia hii pia, na kifuko kinaweza kutoboka wakati kinajazwa. Zaidi ya hayo, koili zinaweza kujibana na damu ikapata tena njia ya kuingia. Karibu mgonjwa mmoja katika kumi huhitaji kutibiwa tena. Ndiyo maana picha za ufuatiliaji ni sehemu ya tiba yenyewe: ya kwanza huwa baada ya miezi sita hivi, na nyingine hufuata kwa miaka.

Jumla ya tafiti zilizokusanywa na kuchapishwa mwaka 2019 kuhusu vifuko visivyopasuka ilionyesha madhara kwa karibu asilimia 5 ya waliotibiwa kwa katheta na asilimia 8 ya waliofanyiwa upasuaji, na vifo vilikuwa chini ya asilimia 1 katika njia zote mbili. Ningekuwa sijui lolote kuhusu kifuko cha dada, ningesema katheta itangulie. Lakini kuna tunachokijua, nacho ni mahali kilipo.

Ateri ya kati ya ubongo hugawika karibu na ubavu wa kichwa, na vifuko vyake vingi huota pale inapogawika. Pale pana mambo mawili. Kwanza, si mbali na mfupa, kwa hiyo mpasuaji hufika bila ya kuzama ndani sana. Pili, kifuko cha pale mara nyingi huwa na shingo pana, na tawi la ateri huweza kuanzia kwenye shingo hiyohiyo. Kifuko chenye shingo nyembamba kama ya kibuyu hushika koili vizuri, lakini chenye mdomo mpana huziachia zichungulie kwenye mshipa, na hapo hulazimika kuwekwa puto la muda au stenti ya kudumu, yaani kijirija cha wavu wa chuma kinachobaki ndani ya mshipa. Ndiyo maana katika ateri hii mabingwa wengi, hata wale wenye vifaa vyote, bado huelekea kwenye klipu. Ingekuwa kifuko kipo kwenye ncha ya ateri ya basila, chini kabisa mbele ya shina la ubongo, ningemwandikia kaka yenu kwamba yeye ndiye aliyesema kweli, kwa sababu kule kisu hufika kwa taabu kubwa.

Kwa hiyo daktari aliyeshauri klipu hakushauri jambo la kizamani. Alishauri kinacholingana na mahali, na huenda pia na shingo aliyoiona kwenye picha. Rudini kwake na maswali machache yaliyo wazi: shingo ya kifuko ina upana gani, je, kuna tawi linaloanzia pale, na kama ingetumika katheta, ingelazimu kuweka stenti? Muulizeni pia bila ya kuona haya kwamba yeye na timu yake hutibu vifuko vingapi kwa mwaka na wagonjwa wao hutokaje. Mkono uliozoea kazi hii hubadilisha matokeo kuliko jina la njia, na daktari mwema hataudhika kwa kuulizwa. Kisha ombeni picha zote katika CD, msichukue karatasi ya ripoti peke yake, ili mzipeleke kwa bingwa wa tiba ya ndani ya mishipa naye atoe maoni yake juu ya kifuko hiki hasa. Yule wa Muscat alizungumza kuhusu anurizimu kwa ujumla bila ya kuiona ya dada. Kinachofaa zaidi ni mabingwa wa pande zote mbili kuziangalia picha hizo pamoja, na mna haki ya kuliomba hilo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mtu wa Pemba hulihesabu na mwandishi wa kitabu cha Ulaya hulisahau. Akitibiwa kwa koili, dada atahitaji kuvuka bahari tena na tena kwa ajili ya picha, na asipovuka, hakuna atakayejua kama kifuko kimefunguka. Nawajua wagonjwa walioacha kwenda kwa sababu walijisikia wazima na nauli ilikuwa haba. Hata klipu huhitaji picha ya kuthibitisha, lakini safari zake huwa chache zaidi. Kama familia inaweza kuahidi safari hizo kwa miaka, jambo hilo lisiwazuie kuchagua koili. Kama haiwezi, lisemwe mbele ya daktari kabla ya uamuzi. Kama dada ni mwanachama wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulizeni mapema unalipia nini na nini kitabaki juu yenu, pamoja na vipimo vya baadaye.

Maoni yangu, kwa mliyonieleza na bila ya kuziona picha, ni kwamba dada aelekee kutibiwa kuliko kusubiri, na kwamba klipu ipewe nafasi ya kwanza mpaka picha zitakapoonyesha shingo nyembamba. Akiamua kusubiri, auchukue uamuzi huo kwa masharti: presha idhibitiwe kila siku kwa dawa, asivute sigara wala kukaa na wavutao, na picha irudiwe baada ya miezi sita hadi kumi na miwili kuona kama kifuko kinakua. Kikikua, mjadala hufunguliwa upya.

Kuhusu nyinyi ndugu: mtu mwenye ndugu wa damu wa karibu wawili au zaidi waliopata anurizimu au kuvuja damu kwa sababu yake hushauriwa kupimwa. Nyinyi mna dada mmoja aliyethibitika na mama ambaye habari yake inashabihiana sana na kuvuja damu kwenye ubongo, ingawa haikuthibitishwa. Ningewapima, nikianza na wenye presha na wanaovuta sigara. Kipimo kinachofaa ni MRI ya mishipa, ambayo haina mionzi na kwa kawaida haihitaji sindano ya dawa. Watoto wadogo wa dada wasipimwe sasa.

Je, tulimkosea baba?

*Daktari, baba yetu ni mvuvi wa Nungwi mwenye umri wa miaka 61. Mwaka jana alishikwa na kichwa ghafla, akatapika na kupoteza fahamu. Alikimbizwa mjini na kisha Dar es Salaam, ikaonekana mshipa umepasuka na damu imejaa ndani ya ubongo. Alifanyiwa upasuaji usiku uleule. Yuko hai, lakini mkono wa kushoto ni dhaifu, husahau sana, na miezi hii miwili anatembea kwa kuburura miguu na hawahi chooni. Jamaa yetu wa Uingereza ametuambia kuwa kule hawapasui tena, hutumia waya, na ndiyo maana baba ameharibika. Dhamiri inatusuta. — Mwana wa mvuvi, Unguja*

Ndugu yangu, hamkumkosea. Jamaa yenu amesikia habari ya kweli, lakini haikumhusu baba.

Habari hiyo ilianzia kwenye utafiti uitwao ISAT, ulioongozwa kutoka Uingereza na kuchapishwa mwaka 2002. Wagonjwa 2,143 ambao vifuko vyao vilikwisha kupasuka waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata klipu na wengine koili. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki wakiwategemea wengine walikuwa asilimia 23.7 kwa waliotiwa koili na asilimia 30.6 kwa waliobanwa klipu. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo iliyoigeuza desturi ya hospitali nyingi. Tangu hapo, mgonjwa aliyevuja damu ambaye kifuko chake kinaweza kutibiwa kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, huanza kufikiriwa koili.

Lakini masharti ya kuingia katika utafiti huo yana maana. Waliochunguzwa ili waingizwe walikuwa 9,559, na wengi waliachwa nje, kwani walioingizwa ni wale tu ambao mpasuaji na bingwa wa katheta walikubaliana kwamba njia zote mbili zingewafaa. Wengi wao walikuwa na fahamu nzuri, na vifuko vyao vilikuwa vidogo. Baba yenu alikuwa na damu iliyoganda ndani ya ubongo wenyewe, iliyokuwa ikiukandamiza. Katheta haiwezi kuitoa damu hiyo. Lazima fuvu lifunguliwe, na likishafunguliwa, kukibana kifuko palepale ndilo jambo la busara. Hata Uingereza angefunguliwa usiku uleule.

Kuharakisha nako kulikuwa ni haki. Kifuko kilichopasuka huweza kupasuka tena, hasa katika saa 24 za mwanzo, na mara ya pili huua wengi kuliko ya kwanza. Familia inayokaa kujadili kisu au waya wakati huo inaupoteza muda ambao mgonjwa hana. Udhaifu wa mkono na usahaulifu mnaouona hutokana zaidi na damu iliyomwagika, na mara nyingine na kusinyaa kwa ateri kunakotokea kati ya siku ya 4 na ya 14, ambako kwa ajili yake wagonjwa hupewa dawa iitwayo nimodipini kwa siku 21. Wapo waliotiwa koili bila ya kuguswa fuvu nao husahau vivyo hivyo.

Kilichonishtua katika barua yako ni sentensi uliyoiweka mwishoni. Kuburura miguu na kutowahi chooni, kwa mtu aliyewahi kuvuja damu kwenye ubongo na ambaye usahaulifu wake unazidi, ni dalili za maji kujikusanya ndani ya ubongo. Hali hii inaweza kutokea wiki au miezi baadaye, kwa sababu damu huziba njia zinazofyonza maji hayo, na inatibika kwa kuweka mrija mwembamba unaoyapeleka tumboni. Mpelekeni hospitali ya Mnazi Mmoja wiki hii, mkiwa na karatasi za upasuaji, na ombeni aonwe katika taasisi ya upasuaji wa ubongo iliyomo pale, iliyofunguliwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na wakfu wa NED wa Hispania. Kipimo cha CT kitaonyesha. Kama ni maji, huenda mwendo wake ukarudi kwa kiasi ambacho hamkitarajii.

Ramadhani, hijama na jino

*Daktari, mume wangu alitiwa koili pamoja na stenti miezi mitatu iliyopita. Anameza aspirini na klopidogreli kila siku. Ramadhani imekaribia na anataka kufunga, anataka pia kupiga hijama kama alivyozoea, na lipo jino linalomsumbua ambalo ameambiwa aache dawa kabla ya kung'olewa. — Mama wa Mwanakwerekwe*

Dada yangu, la jino ndilo la haraka: asiache dawa. Stenti ni chuma kigeni ndani ya ateri, na mpaka ukuta wa mshipa uifunike, damu inaweza kuganda juu yake na kuleta kiharusi. Dawa hizo mbili ndizo zinazozuia hilo, na kwa miezi mitatu tu bado yumo katika kipindi cha hatari. Daktari wa meno azungumze na aliyeweka stenti. Kwa kawaida jino moja huweza kung'olewa dawa zikiendelea, damu ikazuiwa palepale kwa kubana pamba na kushona, na kama si la dharura, linaweza kusubiri.

Hijama ya kuchanja na kutoa damu aiahirishe mpaka atakapomaliza dawa mbili na kubaki na moja au kuziacha zote kwa amri ya daktari. Siidharau tiba hiyo wala nia yake, ila damu yake kwa sasa haigandi upesi, na mchanjo mdogo unaweza kuvuja damu kwa saa nyingi.

Kufunga kunawezekana kwa wengi walio katika hali yake, kwa kuwa dawa hizi humezwa mara moja kwa siku na zinaweza kuhamishiwa kwenye futari au daku, bila ya kuruka hata siku moja. Ajitahidi kunywa maji ya kutosha usiku, apime presha yake katika siku za mwanzo, na amwone daktari wake kabla mwezi haujaandama, kwani kama ana kisukari au figo dhaifu jibu linaweza kubadilika. Akipata kiungulia, asijinunulie omeprazoli dukani, kwa sababu inaipunguzia nguvu klopidogreli. Zipo dawa nyingine za kiungulia ambazo daktari anaweza kumpa. Diklofenaki na ibuprofeni aziepuke pia, kwani pamoja na aspirini huchubua tumbo na kuleta damu.

Kila kichwa kikiuma tukapigwe picha?

*Mimi huumwa kichwa kila mwezi. Tangu jirani yangu afariki kwa kupasuka mshipa, silali. Nifanyeje? — Msomaji, Chake Chake*

Kichwa kinachokuja kila mwezi kwa namna ileile, kwa miaka, karibu kila mara si anurizimu. Pima presha yako, mweleze daktari habari yake yote, na ulale.

Kinachotakiwa kukuamsha ni kichwa kisichofanana na kingine chochote ulichowahi kukipata, kinachofika kilele chake ndani ya dakika moja, hasa kikiambatana na kutapika, shingo kukakamaa au kupoteza fahamu. Vilevile kope la jicho moja likianguka ghafla na mboni ya jicho hilo ikapanuka, hata bila ya maumivu makali, kwani kifuko kinachokua kinaweza kuukandamiza mshipa wa fahamu wa jicho kabla hakijapasuka. Katika hali hizo nenda hospitali iliyo karibu nawe saa hiyohiyo, iwe ni usiku, wala usisubiri boti ya asubuhi wala dawa ya kutuliza ifanye kazi. Usimeze aspirini njiani. Kipimo cha CT huiona damu vizuri zaidi katika saa sita za mwanzo, na kadiri muda unavyopita damu hufifia kwenye picha. Kwa hiyo ukichelewa kufika na picha ikaonekana safi, usimkatalie daktari akitaka kuchota maji ya uti wa mgongo, kwani humo alama za damu hubaki kwa siku nyingi zaidi.